Dawa za kuazima: historia ya vipokezi vya kiini na tumaini la kuutibu ubongo

Mwaka 1958, mjini Vienna, mkemia Mmarekani Elwood Jensen alisimama kutoa mada yake mbele ya watu 5. Watatu kati yao walikuwa wasemaji wenzake waliokuwa wakingoja zamu. Ulikuwa mkutano wa kimataifa wa baiokemia, na saa ileile zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamejazana ukumbi mwingine kusikiliza jinsi homoni ya estrojeni inavyofanya kazi mwilini kwa kubadilishwa na vimeng'enya. Jensen alikuwa na ushahidi kwamba umati ule wote ulikuwa unasikiliza jambo lisilo la kweli.

Alikuwa ametoka Chuo Kikuu cha Chicago. Huko, yeye na mwenzake Herbert Jacobson walitengeneza estrojeni iliyotiwa haidrojeni yenye mnururisho, ili popote itakapokwenda mwilini waione. Wakawadunga panya wa kike ambao hawajapevuka, kiasi kidogo mno, kisha wakapima kiungo kimoja baada ya kingine. Damu na misuli viliipokea homoni na kuiachia. Mji wa mimba uliishika, ukakaa nayo kwa saa nyingi, na ilipotolewa ilikuwa vilevile ilivyoingia. Kama kazi yake ingekuwa inapitia kwa vimeng'enya, ingeonekana imegeuka. Basi ndani ya seli za mji wa mimba palikuwa na kitu ambacho kazi yake ni kuipokea.

Jensen alipenda kusimulia kwamba akili hiyo aliipata mlimani. Mwaka 1947, akiwa Uswisi kimasomo na bila uzoefu wowote wa milima, aliupanda Matterhorn. Huko akajifunza habari za Mwingereza Edward Whymper, aliyeshindwa mara kadhaa kuupanda akitokea upande wa Italia, hadi mwaka 1865 alipozunguka upande wa Uswisi ndipo akafika kileleni. Wataalamu wote wa wakati wa Jensen walikuwa wakiuliza vimeng'enya vinaifanya nini homoni. Yeye akauliza homoni yenyewe inakwenda wapi.

Kitu kile kilichoishika estrojeni leo kina ukoo mzima, unaoitwa vipokezi vya kiini. Matunda yake ya kwanza yalikuwa kwenye saratani ya matiti, ambako kupima kama uvimbe una kipokezi cha estrojeni kumekuwa jambo la kawaida kabla ya kuchagua tiba. Lakini kwa miongo mitatu sasa ukoo huo umekuwa pia tumaini, na mara nyingi masikitiko, ya watafiti wa magonjwa yanayoula ubongo polepole: Alzheimer, unaomfanya mtu amsahau hata mwanawe, na Parkinson, unaomtetemesha na kumkakamaza. Na katika historia hiyo jambo moja linajirudia. Karibu kila dawa iliyojaribiwa ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine: ukomo wa hedhi, kisukari, saratani, hata malaria. Ni historia ya dawa za kuazima, na sote tunajua Waswahili wanasema nini juu ya nguo ya kuazima.

Kwanza tuelewane kazi ya vipokezi hivi. Vipokezi vingi vya mwili hukaa kwenye utando wa nje wa seli. Mjumbe hufika, hugonga, na habari hupelekwa ndani na wengine. Homoni za jamii ya mafuta, kama estrojeni na kotisoli, hazina haja ya kugonga. Hupenya utando moja kwa moja na kukutana na protini inayozingoja. Protini hiyo ikishaipata homoni yake hubadili umbo, hukamata DNA kwenye kiini cha seli kwa vidole viwili vilivyoshikiliwa na atomu za zinki, na kuamuru jeni fulani ziwashwe na nyingine zizimwe. Kwa hiyo kidonge kimoja kinaweza kubadili mwendo wa mamia ya jeni kwa mkupuo. Hapo ndipo penye utamu kwa mtengeneza dawa, na ndipo penye hatari pia, kwa sababu hakuna anayeweza kuziambia jeni za ini na za moyo zisisikie amri iliyokusudiwa kwa ubongo.

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya Vienna, vipokezi hivi vilijulikana kwa matendo yake tu. Mwishoni mwa 1985, Ronald Evans na wenzake katika Taasisi ya Salk, La Jolla, California, walifanikiwa kuipata na kuinakili jeni ya kipokezi cha kotisoli cha binadamu. Miezi michache baadaye, mjini Strasbourg, Ufaransa, kundi la Pierre Chambon likatoa jeni ya kipokezi cha estrojeni. Maandishi ya jeni hizo yalipowekwa sambamba yalifanana kama ya ndugu wa tumbo moja. Mwaka huohuo wa 1986 kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo kikaonekana kuwa cha ukoo uleule. Mwaka 1987 kikaja cha asidi itokanayo na vitamini A, ambacho Evans na Chambon walikipata kila mmoja kivyake, bahari ya Atlantiki ikiwa katikati yao.

Hapo kazi ikageuka kichwa chini. Zamani homoni ilijulikana kwanza, kisha kipokezi chake kikatafutwa. Sasa maabara zilikuwa zinatoa vipokezi ambavyo hakuna aliyejua homoni zake, wala kama vinazo. Vikaitwa vipokezi yatima. Jenomu ya binadamu iliposomwa, hesabu ya ukoo mzima ilisimama kwenye 48. Mwaka 2004 Jensen, akiwa na umri wa miaka 84, alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Evans na Chambon. Alifariki mwaka 2012, na kwa maoni yangu ni mmoja wa watu waliostahili Nobel wakaikosa.

Jaribio kubwa la mwanzo la kuutumia ukoo huu kuulinda ubongo halikuhitaji dawa mpya. Katika miaka ya 1990 tafiti kadhaa zilionyesha kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya ukomo wa hedhi walipata Alzheimer kwa uchache kuliko wenzao. Marekani ikaamua kupima kwa haki: wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, nusu wapewe estrojeni na projestini, nusu wapewe kidonge kisicho na dawa. Majibu yalitoka Mei 2003. Wanawake 61 walikuwa wamepata ugonjwa wa kupoteza akili, na kati yao 40 walikuwa wa kundi la homoni. Kile kilichotarajiwa kuwa kinga kilikuwa kimeongeza hatari maradufu. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama kosa lilikuwa kuanza kuchelewa, miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Ubishi huo una mantiki, ila haukumsaidia yeyote kati ya wale 40.

Dawa ya pili ya kuazima ilitoka kwenye kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Takeda ya Japani ilikuwa na kemikali iliyoshusha sukari kwa panya wanene, na hakuna aliyejua inafanyaje. Jibu lilipatikana mwaka 1995, watafiti wa kampuni ya Glaxo walipoonyesha kwamba dawa za jamii hiyo hushika kipokezi cha kiini kiitwacho PPAR-gama, kinachoongoza jinsi seli zinavyohifadhi mafuta. Mwaka 1999 dawa mbili za jamii hiyo, rosiglitazoni na pioglitazoni, zilianza kuuzwa Marekani. Ilipogundulika kwamba PPAR-gama pia hutuliza uvimbe-joto, na kwamba ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer umejaa uvimbe-joto huo, wazo likajileta lenyewe.

Hapa anaingia mtu ambaye bila yeye sehemu hii ingekuwa kavu. Allen Roses, daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa mkali wa maneno na hakuogopa kuachwa peke yake. Mwaka 1993 yeye na wenzake, akiwamo Warren Strittmatter, walionyesha kwamba watu wenye aina ya jeni iitwayo APOE4 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata Alzheimer uzeeni. Jeni hiyo inahusu protini inayobeba mafuta. Wakati ule watafiti wengi walikuwa wameelekeza macho kwenye amiloidi, protini inayoganda mabonge kwenye ubongo wa wagonjwa, na habari za mafuta ziliwaudhi. Hata hivyo kazi yake ilisimama. Mpaka sasa hakuna jeni ya Alzheimer ya uzeeni iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1997 Roses alihamia Glaxo, na humo ndimo rosiglitazoni ilipojaribiwa kwa Alzheimer. Jaribio la wagonjwa 511 lililotangazwa mwaka 2006 halikuonyesha faida kwa jumla. Lakini wagonjwa walipogawanywa kwa jeni, wale wasio na APOE4 walionekana kupata nafuu kidogo kwa dozi kubwa. Msomaji wa takwimu akisikia hivyo huingiwa na wasiwasi, maana ukiwagawa watu makundi ya kutosha, moja litakuja na habari njema kwa bahati tu. Majaribio makubwa yakafuata. Kabla hayajaisha, mwaka 2007, daktari wa moyo Steven Nissen alichapisha uchambuzi uliohusisha rosiglitazoni na mshtuko wa moyo. Mwaka 2010 jibu la Alzheimer likatoka: haikusaidia, wala kwa wasio na APOE4. Mwaka huohuo Ulaya ikaisimamisha sokoni.

Roses hakukubali. Yeye aliamini tatizo ni kuanza tiba ubongo ukiwa umeshaharibika. Alikuwa amerudi Duke na kuanzisha kampuni ndogo, Zinfandel, na kwa kushirikiana na Takeda ikaandaliwa kazi kubwa kuliko zote: watu wapatao 3,500 wenye umri wa miaka 65 hadi 83, wenye akili timamu, wachaguliwe kwa kipimo cha jeni, na walio hatarini wapewe pioglitazoni miligramu 0.8 kwa siku. Mgonjwa wa kisukari hunywa 15 hadi 45. Utafiti ulianza 2013. Roses alifariki ghafla Septemba 2016 kabla ya kuona matokeo, na Januari 2018 Takeda ikausimamisha kwa sababu dawa haikuwa inaleta tofauti. Naona swali lake, la kuwahi kabla ya dalili, lilikuwa sahihi. Wengi wa watafiti wa Alzheimer leo wanaliuliza. Dawa yake ndiyo iliyokuwa si hiyo. Pioglitazoni ilipojaribiwa pia kwa wagonjwa 210 wa Parkinson ya mwanzo, majibu ya mwaka 2015 yalikuwa yaleyale.

Kati ya hadithi zote za dawa hizi, iliyotikisa magazeti zaidi ni ya Cleveland.

Katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini humo, Gary Landreth alikuwa na mwanafunzi wa uzamivu, Paige Cramer, na walikuwa na beksaroteni, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1999 kwa saratani ya limfu inayoshambulia ngozi. Beksaroteni huwasha kipokezi kiitwacho RXR. Hiki ni kama mume wa wake wengi katika ukoo huu: vipokezi vingi vya kiini haviwezi kazi mpaka viungane nacho, PPAR-gama kikiwa kimojawapo. Ukiwasha RXR, ubongo hutengeneza kwa wingi ile protini ya APOE inayobeba mafuta, ambayo pia husaidia kuzoa amiloidi.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science Februari 2012. Kwa panya waliopandikizwa jeni za Alzheimer, amiloidi iliyoyeyuka ilipungua kwa robo ndani ya saa 6. Mabonge yaliyoganda yalipungua kwa zaidi ya nusu ndani ya saa 72. Lakini namba hizo hazikuwagusa watu kama karatasi laini zilivyowagusa. Panya mzima akiwekewa karatasi laini kwenye kizimba chake huzichana na kujitengenezea kiota. Panya mwenye ugonjwa huziangalia tu, au hupita juu yake, hajui ni za nini. Baada ya siku 3 za beksaroteni, panya wale wagonjwa walianza kuchana karatasi na kujenga viota.

Mtu yeyote mwenye mama au baba ambaye amesahau jinsi ya kufunga vifungo vya shati anaelewa habari kama hiyo inamfanya nini msomaji. Na kwa kuwa kidonge kilikuwa tayari dukani, familia za Marekani hazikuwa na sababu ya kungoja miaka kumi ya majaribio. Zilianza kuwabana madaktari wawaandikie.

Mei 2013, Science ileile ilichapisha maoni manne ya kitaalamu kutoka maabara mbalimbali zilizorudia kazi hiyo, za Marekani na za Ulaya. Hakuna iliyoona mabonge yakiyeyuka. Baadhi ziliona amiloidi iliyoyeyuka ikipungua, na moja ikaona panya wakipata nafuu ya akili, lakini lile la saa 72 halikurudi. Landreth alijibu kwamba pengine wenzake walitengeneza dawa kwa namna nyingine, isifike vizuri kwenye ubongo. Huenda. Ila dawa ambayo matokeo yake yanategemea nani ameikoroga ni dawa ya kutia shaka kabla haijamfikia mgonjwa.

Ilimfikia. Mwaka 2016 Jeffrey Cummings wa Cleveland Clinic huko Las Vegas alitoa matokeo ya wagonjwa 20 wa Alzheimer waliotibiwa kwa wiki 4. Kwa jumla, amiloidi ya ubongo haikupungua. Kwa wasio na APOE4 ilionekana kushuka, na wakati huohuo mafuta ya damu yakapanda kiasi cha kutishia moyo. Utafiti mwingine wa watu wenye afya ulipima majimaji ya uti wa mgongo na kukuta dawa inaingia kwenye mfumo wa fahamu kwa shida sana. Beksaroteni ikarudi ilikotoka, kwenye saratani.

Tukifika kwenye Parkinson, tunaingia kwenye habari inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyojua.

Ugonjwa huu ulielezwa na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817, katika kijitabu kilichosimama juu ya watu 6 tu, baadhi yao akiwa amewaona tu wakipita mitaani. Sababu ya dalili zake haikujulikana hadi mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz alipopima, mjini Vienna kwa mara nyingine, bongo za marehemu na kukuta dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, imepungua vibaya. Mwaka 1961 wagonjwa wa kwanza wakadungwa levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na watu waliokuwa hawainuki kitandani wakainuka. Levodopa bado ndiyo tiba kuu. Ila inaongeza tu kilichopungua. Seli zinazotengeneza dopamini huendelea kufa.

Mwaka 1997 kundi la Thomas Perlmann huko Stockholm lilitoa panya wasio na jeni ya kipokezi yatima kiitwacho Nurr1. Panya hao walizaliwa bila seli za dopamini katika ubongo wa kati, wakafa muda mfupi baadaye. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hata kwa mnyama mzima, seli hizo haziishi vizuri bila Nurr1. Ikawa wazi kwamba ukikiwasha kipokezi hiki kwa dawa, huenda ukazilinda seli zenyewe badala ya kuziongezea dopamini tu. Furaha hiyo ilidumu hadi mwaka 2003, wanakemia walipopiga picha ya umbo la Nurr1 kwa mionzi. Mahali ambapo vipokezi vingine vina shimo la kuingilia homoni, hiki kilikuwa kimejaa. Lilikuwa kufuli lisilo na tundu la ufunguo, na kampuni nyingi za dawa hazikuona sababu ya kuendelea.

Miaka 12 baadaye, Kwang-Soo Kim wa Hospitali ya McLean karibu na Boston, pamoja na Ho Sup Yoon wa Chuo Kikuu cha Nanyang, Singapore, waliamua kutobishana na picha. Walichukua dawa 960 zilizokwisha kuruhusiwa kutumiwa na binadamu, wakazimimina moja baada ya nyingine kwenye seli zinazoonyesha kama Nurr1 imewaka. Zilizofaulu zilikuwa 3. Moja ilikuwa ya maumivu, glafenini. Mbili zilizobaki zilikuwa klorokwini na amodiakwini. Na zote tatu zilikuwa na mifupa ileile ya kikemia, jambo lililopunguza uwezekano wa bahati nasibu.

Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa klorokwini ni nini: uchungu ulimini, na kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Iliundwa Ujerumani mwaka 1934 na Hans Andersag wa Bayer. Amodiakwini ni mdogo wake, kazi ya wanakemia wa Parke-Davis ya Detroit miaka ya 1940. Klorokwini ilipozidiwa na vimelea sugu, Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 na kuchukua dawa nyingine ya malaria, SP, amodiakwini ikiwa ya akiba pale SP inaposhindwa. Zanzibar ilianza mwaka 2003 kutoa amodiakwini iliyochanganywa na atesuneti, Burundi ikafanya hivyo mwaka huohuo, na Kongo mwaka 2005. Mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wamemeza dawa inayoshika kipokezi cha Nurr1, na walichokuwa wanataka ni homa ishuke tu.

Huko McLean, panya walioharibiwa seli za dopamini za upande mmoja wa ubongo, ambao huzungukazunguka kuelekea upande mmoja, walipopewa amodiakwini walipunguza kuzunguka, na seli nyingi zilinusurika. Tofauti na levodopa, hawakupata mishtuko ya viungo isiyo ya hiari. Mwaka 2020 maabara ya Scripps huko Florida, iliyokuwa na shaka na madai mengi ya aina hii, ilipima dawa 12 zilizosemwa kwamba zinaishika Nurr1. Tatu tu ndizo zilizoishika kweli, na mbili kati yake zilikuwa amodiakwini na klorokwini. Kufuli lilikuwa na tundu. Linajificha tu, hufunguka na kufumba. Baada ya hadithi ya beksaroteni, uthibitisho kutoka kwa wenye shaka una thamani kuliko makala kumi za wenye furaha.

Hata hivyo vidonge hivi vyenyewe haviwezi kuwa tiba ya Parkinson, na ni muhimu hili lisomwe mara mbili. Kwa malaria, amodiakwini humezwa siku 3. Mgonjwa wa Parkinson angelazimika kuimeza miaka. Katika miaka ya 1980, wasafiri wa Ulaya walioitumia wiki kwa wiki kama kinga waliharibika ini na kuishiwa chembe nyeupe za damu, na baadhi walikufa. Shirika la Afya Duniani likaacha kuipendekeza mwaka 1990, kabla ya ushahidi wa mwaka 1996 kuirudisha kwa matibabu mafupi ya malaria. Klorokwini nayo huzuia seli kujisafisha takataka zake, na mrundikano wa takataka ndio sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo kundi la Kim lilichukua mifupa ya kikemia tu na kuijengea mamia ya kemikali mpya. Mwaka 2023 walitangaza moja, 4A7C-301, inayoingia vizuri kwenye ubongo na isiyozuia seli kujisafisha. Panya wagonjwa walipata nafuu ya mwendo, na hata uwezo wa kunusa uliopotea ulirejea. Kidonge kingine cha kuamsha Nurr1 kimeanza kujaribiwa kwa watu wenye afya, kwa ubia wa kampuni ya NurrOn ya Marekani na HanAll ya Korea Kusini. Hatua hiyo hupima usalama tu. Ninavyoandika, hakuna dawa hata moja inayolenga kipokezi cha kiini iliyoidhinishwa kutibu Alzheimer au Parkinson. Ila hii ya Nurr1 ndiyo ya kwanza ambayo watafiti wameacha kuazima na kushona nguo yao wenyewe, na kama ningeombwa kuweka matumaini mahali pamoja, ningeyaweka hapo.

Wakati tunangoja, liko la kufanya ambalo halihitaji maabara ya Boston. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kijiji kwa kijiji kutafuta wagonjwa wa Parkinson katika watu wapatao 161,000, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Waliwakuta 33, na wengi wao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Majirani walisema ni uzee. Kama nyumbani kuna babu au bibi ambaye mkono umeanza kutetemeka akiwa ametulia, hatua zimefupika, sauti imefifia na uso hauonyeshi tena furaha wala huzuni, msimnunulie dawa ya malaria wala ya kienyeji. Mpelekeni hospitali ya rufaa, ombeni aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, na mkiambiwa ni Parkinson ulizeni habari ya levodopa. Dawa hiyo ipo tangu miaka ya 1960.